Historia fupi ya Tendua, na jinsi nilivyompoteza rafiki wa Babu



Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliandika kabla ya TP, nikaahidi kwamba nikirudi nitawaletea picha na simulizi za Bariadi. Picha zipo. Ila simulizi moja, tena ile kubwa kuliko zote, haipo, na leo nataka niwaeleze ilikoenda. Wale wa kompyuta mtanivumilia nikikosea, na wenzangu wa Historia na Kiswahili msikimbie, maana mwisho wa siku haya ni mambo yetu.

Kama mnavyojua, kwetu ni Simiyu. Mkoa wenyewe bado mdogo kwa umri, ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na Babu yangu mpaka leo akiulizwa kwao ni wapi anajibu "Shinyanga" bila kupepesa macho. Anakaa upande wa Dutwa, analima pamba na mtama kidogo. TP nilipangiwa sekondari moja hapo Bariadi, hivyo kila Jumamosi nilikuwa napanda gari kwenda kumsalimia. Sikuwa naenda kula ugali wa bure tu (ingawa niliula, siwafichi). Nilikuwa na kazi. Risechi yangu ya mwaka wa tatu inahusu watu wa vijiji vya kwetu waliokwenda Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na Babu alikuwa mmoja wao. Alikwenda akiwa mgambo, kijana wa miaka ishirini.

Babu hapendi kurekodiwa. Siku ya kwanza nilipotoa simu akasema, "Weka hicho kitu mbali, nitazungumza na wewe, sizungumzi na simu." Basi nikawa namsikiliza, naandika neno moja moja kwenye daftari, halafu Jumatatu jioni naingia chumba cha kompyuta pale shuleni kuyaandika yote kirefu kabla hayajapoa kichwani. Wiki nne nilifanya hivyo. Nikafikisha kurasa kumi na moja.

Kurasa tatu kati ya hizo zilikuwa za rafiki yake. Kijana wa Maswa, walifanya mazoezi pamoja, walivuka pamoja, yeye hakurudi. Babu alinisimulia jambo hilo usiku mmoja tu, taa imeshapunguzwa, Bibi amekwenda kulala. Nilikuwa simjui Babu wa namna ile.

SASA SIKIENI MKASA

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya mwisho. Kompyuta za pale ni za zamani, zimewekewa Linux ile nyepesi inayoweza kukimbia kwenye mashine zilizochoka. Kurasa zangu nilikuwa nimeziandika kwenye kihariri matini cha kawaida kabisa, kile kisicho na mapambo. Nikataka kuzihamishia kwenye programu kubwa ili niweke namba za kurasa nikachapishe. Nikachagua yote, Ctrl na A. Nikakata, Ctrl na X. Kioo kikabaki cheupe. Nikafunga dirisha. Likaniuliza kama nihifadhi mabadiliko, na mimi kwa mazoea ya mtu mwenye haraka nikabonyeza Hifadhi. Nikafungua programu kubwa, ikajivuta weee, ikafunguka. Nikabandika, Ctrl na V.

Hakuna kitu.

Nikabonyeza tena. Hakuna kitu. Nikarudi kwenye faili la kwanza nikalifungua. Tupu. Nikabonyeza Ctrl na Z mpaka kidole kikauma. Tupu vilevile.

Najua mtauliza, "Flashi je?" Flashi ilikuwa na lesoni plani na wimbo wa Injili wa mwalimu mwenzangu. Naomba msinigombeze, nimeshajigombeza vya kutosha.

Nikampigia jamaa yangu mmoja anayesoma sayansi ya kompyuta. Nikamwambia hii mashine ni mbovu, ina hitilafu, ina yule mdudu mnayemsemaga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Haina ubovu. Imefanya vile walivyokubaliana wenyewe miaka mingi iliyopita." Nikamuuliza wenyewe kina nani? Hapo ndipo nilipoanza kuchimba, na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, nikachimba mpaka chini.

KUTENDUA KULITOKA WAPI

Kiswahili chetu hapa kimejitosheleza. Tunapofundisha kauli za vitenzi kuna kauli ya kutendua: funga inakuwa fungua, kunja inakuwa kunjua, ziba inakuwa zibua. Kwa hiyo waliotafsiri programu walipofika kwenye lile neno la kurudisha hatua nyuma, hawakuhitaji kubuni. Jina la kauli lilikuwepo tayari. Tendua. Ila kila anayefundisha somo hilo anajua pia kwamba si kila kitenzi kinakubali. Soma haina "somua". Sema haina "semua".

Kwenye kompyuta nako kutendua hakukuwepo tangu mwanzo. Ilibidi mtu akufikirie. Miongoni mwa mifumo ya kwanza ya maandishi kuwa na kitu hicho ni FRESS, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani mwaka 1968 chini ya Andries van Dam. Mwaka 1976 watafiti wawili wa IBM, Lance Miller na John Thomas, waliandika ripoti kuhusu jinsi watu wanavyohangaika mbele ya kompyuta, wakapendekeza kwamba ingefaa sana mtumiaji aweze kurudisha nyuma angalau amri moja aliyotoa. Yaani mwaka 1976 jambo hilo bado lilikuwa la kupendekezwa.

Mwaka huohuo wa 1976, kule Berkeley, mwanafunzi aitwaye Bill Joy alikuwa anaandika kihariri kilichokuja kuitwa vi. Kutendua kwake kulikuwa kwa hatua moja tu. Unabonyeza herufi u, kosa linarudi nyuma. Unabonyeza tena u, kosa linarudi palepale! Kama swichi ya taa: washa, zima, washa. Kumbukumbu ya mashine za enzi hizo ilikuwa ndogo, hivyo hatua moja nayo ilihesabika.

Kutendua kwa hatua nyingi ni kama ghala la magunia ya pamba. Kila unachofanya ni gunia linalowekwa juu ya lenzake. Ukitendua unatoa la juu kwanza, halafu linalofuata, mpaka ufike chini. Shida ni kwamba kwa programu nyingi ghala lenyewe liko ndani ya programu iliyo wazi. Ukifunga programu, umebomoa ghala. Faili linabaki, magunia hakuna. Hapo ndipo Ctrl na Z yangu ilipokufa.

NA UBAO WA KUNAKILI JE?

Kata, nakili na bandika ni kumbukumbu nyingine kabisa, wala haijuani na ile ya kutendua. Chimbuko lake linanifurahisha kama mwalimu mtarajiwa. Katikati ya miaka ya 1970, pale maabara ya Xerox PARC huko California, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza kihariri kilichoitwa Gypsy. Walikitengeneza kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya Ginn ya Boston. Na Ginn walikuwa wanachapisha nini? Vitabu vya kiada! Wahariri wale walikuwa wanakata karatasi kwa mkasi na kuibandika kwa gundi mahali pengine, na Tesler na Mott wakaweka mkasi na gundi ndani ya kompyuta. Baadaye Tesler alihamia Apple, na kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 ikatoka na zile herufi nne zinazokaa jirani kwenye kibodi, Z, X, C na V. Tesler alifariki Februari 2020.

Linux yetu lakini ilirithi tabia ya ukoo mwingine. Mfumo wa madirisha uitwao X ulianzia chuo cha MIT mwaka 1984, na toleo lake la kumi na moja, ambalo ndilo lililoenea, lilitoka 1987. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 waliandika makubaliano ya jinsi programu zitakavyopeana vitu, mwandishi wake akiwa David Rosenthal. Makubaliano yenyewe ni haya: ukikata au kunakili kitu, hakiwekwi popote. Programu yako inatangaza tu, "Mimi ndiye mwenye kitu." Programu nyingine ikitaka kubandika, inakwenda kumwomba mwenyewe, naye anampa.

Jamaa yangu alinielewesha kwa mfano wa jembe. Wewe unadhani ukikata maneno ni kama kupeleka jembe kwa mwenyekiti wa kitongoji, likae pale, yeyote akachukue. Kumbe hapana. Jembe liko nyumbani kwako, umetangaza tu kwamba unalo. Ukifunga nyumba ukasafiri, anayekuja kuazima anakuta kufuli.

Mimi nilifunga nyumba. Maneno yalikuwa mkononi mwa kile kihariri, nami nikakifunga. Ghala la kutendua nalo lilikuwa mlemle. Kumbukumbu zote mbili zikazikwa kaburi moja, tena kwa mkono wangu mwenyewe, na ile Hifadhi ikawa ndiyo udongo wa juu.

Sipendi kuita hivi ubaya wa mtu. Wale jamaa wa miaka ya 1980 walikuwa na sababu. Kumbukumbu ilikuwa ghali, kwa nini unakili kitu mara mbili wakati huenda hakuna atakayekiomba? Kila ukipima kosa la zamani kwa pochi ya leo unaonea. Hilo tunafundishwa muhula wa kwanza.

DAWA YAKE

Dawa ya ubao ni kumweka mwenyekiti. Kuna programu ndogo za kutunza ubao wa kunakili: zinasubiri, ukikata kitu nazo zinachukua nakala yake papo hapo, ili ukisafiri jembe libaki kwao. Mifumo mikubwa mingi ya Linux huja na mtunzaji wa namna hiyo tayari, ila ile nyepesi ya pale shuleni ilikuwa imepunguzwa mpaka mwenyekiti akapunguzwa naye. Kwa ruhusa ya mwalimu wa kompyuta, siku yangu ya mwisho niliziwekea mashine zote za chumba kile. Nikazijaribu moja moja: andika, kata, funga, fungua, bandika. Maneno yakatokea. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wananishangaa natabasamu peke yangu.

Dawa ya kutendua ikanipeleka kwa programu iitwayo Vim, na hapa ndipo historia ilipogeuka ikanitazama usoni.

Vim ni mtoto wa ile vi ya Bill Joy. Aliyeitengeneza ni Mholanzi, Bram Moolenaar, na toleo la kwanza kwa watu wote lilitoka mwaka 1991. Inakumbuka hatua elfu moja bila kuombwa. Toleo la 7.0 la mwaka 2006 liliongeza amri ya kurudisha maandishi jinsi yalivyokuwa, tuseme, dakika kumi zilizopita. Na toleo la 7.3 la mwaka 2010 likaleta nililokuwa nalitafuta: unaweza kuiambia iandike ghala lote la magunia kwenye diski. Unafunga, unazima kompyuta, unarudi kesho, unafungua faili, unatendua ya jana. Kama ningekuwa natumia hiyo, msingekuwa mnasoma haya.

Sasa niliposoma habari za Moolenaar nikakuta kitu. Programu yake ni ya bure, ila aliwaomba watumiaji kwamba wakiipenda wachangie watoto yatima wa Kibaale, Uganda. Si Kibaale ile ya Bunyoro. Ni Kibaale ya wilaya ya Rakai, kusini, upande wa mpaka wetu. Yeye alikwenda kule mwaka 1994 akajitolea mwaka mzima kwenye kituo cha watoto, akishughulika na maji na vyoo. Rakai ndiko Uganda ilikoanza kuuona UKIMWI mwaka 1982, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero, na jirani zao, mkoa wetu wa Kagera, ukapata wagonjwa wa kwanza wa Tanzania mwaka uliofuata. Moolenaar alirudi kwao akaanzisha mfuko wa kuchangia kituo kile, na kwa miaka mingi kila aliyefungua Vim popote duniani alikuta ombi la watoto wa Uganda kwenye kioo. Alifariki Agosti 2023.

Rakai. Nikafungua daftari langu la maneno moja moja. Mutukula. Kyotera. Masaka. Kyotera ilikuwa ndani ya wilaya ya Rakai mpaka mwaka 2017. Babu alipita kule kwa miguu mapema 1979, kabla jeshi letu halijaingia Masaka mwezi Februari.

NILIRUDI KWA BABU

Jumamosi ya kuaga nikaenda Dutwa. Nilimkuta anachambua mbegu. Nikamsalimia, "Mwadila, Guku," nikakaa. Nikamweleza yote, kwamba maneno yake yamepotea na kwamba kosa ni langu. Nilifikiri atakasirika. Akacheka, akasema hata sisi kule vitu vingi vilitupotea. Nikamwambia habari za yule Mholanzi na watoto wa Rakai. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kyotera yuko mzima?" Kama vile Kyotera ni mtu.

Akaanza upya. Akasimulia mambo ambayo mara ya kwanza hakuyagusa kabisa. Mwanamke mmoja aliyewapa ndizi za kuchoma na hakutaka hela. Jinsi walivyokuwa wanazungumza naye, wao Kisukuma na Kiswahili, yeye Kiganda, na wakaelewana. Mvua. Migomba mpaka unachoka. Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Halafu nikamuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, "Guku, na yule rafiki yako wa Maswa?"

Akaendelea kuchambua mbegu.

"Hiyo nilishakuambia," akasema. "Si uliandika?"

Sikuwa na jibu. Wala sikuuliza mara ya pili.

Kwenye daftari, kwa ule usiku, kuna maneno matatu tu: viatu, Maswa, mto. Nimekaa nayo tangu nirudi hosteli. Najua viatu ni vya nani na kwa nini alibaki navyo. Najua mto. Lakini alivyosema Babu, maneno yenyewe, pale aliponyamaza na pale sauti ilipobadilika, hayo siwezi kuyarudisha, na nikiyaandika sasa yatakuwa yangu. Nimeamua kuyaandika hivyohivyo, na juu yake nimeweka wazi kwamba ni kumbukumbu ya mjukuu, si maneno ya msimulizi. Msimamizi wangu wa risechi akiniuliza nitamwambia ukweli.

Kuna jambo la mwisho kuhusu Vim na nitawaacha mkalale. Programu nyingi ukirudi nyuma hatua tano kisha ukaandika kitu kipya, zile hatua tano za zamani zinatupwa. Umechagua njia, nyingine inafutwa. Vim tangu 2006 haifanyi hivyo. Inageuza ghala kuwa mti: njia ya zamani inabaki kama tawi, njia mpya inaota tawi jingine pembeni, na unaweza kurudi kwa lolote. Nimeipenda kwa sababu ndivyo nitakavyofanya risechi yangu. Simulizi ya kwanza ya Babu, kiasi nilichobaki nacho, na simulizi ya pili, zote zinakaa. Sitachagua ipi ni ya kweli ili nifute nyingine. Yule mwanamke wa ndizi alikuwepo, na kijana wa Maswa alikuwepo.

Basi wadau, nakileni kabla hamjakata. Wekeni nakala sehemu mbili. Na kama una babu au bibi nyumbani ambaye kuna jambo hulisema mara moja tu, likizo hii nenda kamsikilize, na usiku huohuo, kabla hujalala, andika.

Boom halijatoka bado, hivyo anayekuja chumbani kwangu aje na sukari yake.

Tuonane tena panapo majaliwa.